Kura ya Athens, uraia wa Roma: milango miwili na funguo zake

Katika Kiswahili neno kura limebeba mambo mawili kwa pamoja. Leo mtu akisema anakwenda kupiga kura, tunaelewa kwamba anakwenda kituoni kumchagua mbunge au rais. Lakini neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya bahati nasibu, na maana hiyo haijafa. Katika Matendo ya Mitume, mitume walipotafuta mtu wa kushika nafasi ya Yuda walipiga kura, ikamwangukia Mathiya, wala hakuna aliyehesabu nani kapata wangapi. Askari nao waliligawana vazi la Yesu kwa kura. Nimelikumbuka neno hili kwa sababu maana zake mbili ndizo zinazotenganisha miji miwili ambayo mpaka leo hutajwa kila panapozungumzwa uongozi. Athens ya karne ya 5 na ya 4 KK ilijaza sehemu kubwa ya nafasi zake kwa kura ya bahati, ilhali Roma ya jamhuri ilijaza zake kwa kura ya kuchagua.

Maelezo yaliyozoeleka husema kwamba Wagiriki walituachia demokrasia na Waroma walituachia sheria na utawala, kisha mjadala unaishia hapo kana kwamba ni urithi wa mali iliyogawanywa vizuri baina ya ndugu wawili. Naona maelezo hayo yanaficha jambo zito. Kila mmoja wa miji hii ulikuwa na milango miwili: mmoja wa kuingia katika uongozi, mwingine wa kuingia katika uraia. Athens iliufungua wa kwanza kwa upana ambao haujapata kurudiwa mara nyingi, ikaukaza wa pili. Roma ilifanya kinyume chake. Swali linalonishughulisha ni kama mambo haya mawili yalitukia tu kwa pamoja, au kama kufunguka kwa mlango mmoja ndiko kulikoufunga mwingine.

Tuanze na namna kura ya Athens ilivyofanya kazi, kwa maana wengi hulisikia jambo hili juujuu na kudhani ulikuwa mchezo. Baada ya mageuzi ya Cleisthenes ya mwaka 508 KK raia waligawanywa katika makabila 10, ambayo hayakuwa makabila ya damu bali mafungu yaliyochanganya kwa makusudi watu wa mjini, wa pwani na wa bara. Kila kabila lilitoa wajumbe 50 wa Baraza la Mia Tano, na katika enzi ya demokrasia iliyokomaa wajumbe hao walipatikana kwa kura ya bahati, kwa mwaka mmoja, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuketi humo zaidi ya mara mbili maishani mwake. Baraza ndilo lililoandaa ajenda ya mkutano mkuu wa raia uliofanyika juu ya kilima cha Pnyx. Kila siku mjumbe mmoja alipata, kwa kura vilevile, kuwa mwenyekiti wa dola kwa usiku mmoja na mchana mmoja. Alikabidhiwa funguo za mahekalu yenye hazina pamoja na muhuri wa mji, kesho yake akampa mwenzake, na nafasi hiyo haikumrudia tena. Ukikumbuka kwamba raia wanaume waliokomaa katika karne ya 4 KK hukadiriwa kuwa takriban 30,000, hesabu yenyewe inakuonyesha kwamba mkulima wa zeituni au mfua vyuma alikuwa na nafasi ya kweli ya kuketi katika baraza, na hata ya kuushika mji kwa siku moja, kabla hajazeeka.

Mahakama zilikwenda mbali zaidi. Kila mwaka raia 6,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 30 waliandikishwa kuwa waamuzi, na katika karne ya 4 KK kuwagawa katika mahakama za siku hiyo kulikuwa na chombo chake: bamba la jiwe lililosimama wima, lenye safu za vitundu vyembamba, na ubavuni mwake mrija uliomiminiwa vidude vyeupe na vyeusi. Mwamuzi alichomeka kijibamba chake, chenye jina lake, la baba yake na la kitongoji chake, ndani ya kitundu. Kidude cheupe kikitoka, safu nzima iliingia kazini. Kikitoka cheusi, safu nzima ilirudi nyumbani. Vipande vya mabamba hayo vingalipo Athens, katika makumbusho ya Agora, uwanja wa kale wa mji. Kinachonigusa mimi zaidi ni vile vijibamba vya shaba, kwa sababu kadhaa kati yake vilichimbuliwa makaburini. Watu walizikwa navyo. Jamaa waliokuwa wakimwandaa maiti waliona kwamba miongoni mwa vitu vya kumsindikiza ni kile kilichothibitisha kwamba marehemu alikuwa mmoja wa wanaoamua.

Wakosoaji wa utaratibu huu hawakuwa wajinga. Mwanafalsafa Socrates, kwa mujibu wa Xenophon aliyemfahamu, aliuliza ni nani angekubali kumpata nahodha wa jahazi au mjenzi wa nyumba kwa kura ya bahati, na kama haiwezekani katika mambo hayo, iweje iwezekane katika kuongoza mji. Hoja hiyo ina uzito na Waathene wenyewe kwa kiasi fulani waliikubali: majemadari 10 wa kila mwaka walichaguliwa kwa kunyoosha mikono, tena waliweza kuchaguliwa mara kwa mara, ndiyo maana Pericles, kiongozi mashuhuri wa mji, aliweza kushika nafasi hiyo mwaka baada ya mwaka hadi kifo chake mwaka 429 KK. Kwa hiyo mji uliokabidhi hazina yake kwa bahati nasibu haukukabidhi jeshi lake vivyo hivyo. Aidha kila aliyeangukiwa na kura alihojiwa kabla ya kuanza kazi na kukaguliwa hesabu zake baada ya kuimaliza, na kosa lingeweza kumgharimu mali au uhai.

Mashitaka mazito zaidi yanahusu mwaka 406 KK. Athens iliishinda Sparta, mji hasimu wake wa Kigiriki, baharini karibu na visiwa vya Arginusae, lakini dhoruba iliwazuia majemadari kuwaokoa mabaharia wao waliokuwa wakielea majini baada ya merikebu zao kuvunjika. Mkutano wa raia uliojaa ndugu wa marehemu uliwahukumu majemadari wanane kwa pamoja, kwa kura moja, ilhali desturi ya sheria ilitaka kila mtu ahukumiwe peke yake, na sita waliokuwapo mjini wakauawa. Siku hiyo Socrates alikuwa miongoni mwa wenyeviti waliopatikana kwa kura, akakataa kuipitisha hoja hiyo, hakusikilizwa. Baadaye wananchi walijuta, lakini majuto hayafufui mtu. Miaka saba baadaye, mwaka 399 KK, mahakama ya waamuzi wa kura ilimhukumu Socrates mwenyewe kunywa sumu. Anayesema kwamba umati wenye mamlaka unaweza kuua kwa hasira ana ushahidi mikononi.

Hata hivyo, nadhani mizani haijakamilika mpaka tuweke upande wa pili matendo ya wale waliodai kuwa wajuzi zaidi ya umati. Mara mbili, mwaka 411 na mwaka 404 KK, demokrasia ya Athens ilipinduliwa na watu wa tabaka la juu, wenye elimu na nasaba. Wale wa mara ya pili, wanaokumbukwa kwa jina la Thelathini, waliwaua watu wapatao 1,500 kwa miezi michache, wengi wao kwa ajili ya mali zao. Demokrasia iliporudi mwaka 403 KK, umati huohuo unaosemwa kuwa na hasira ulikula kiapo cha kutokumbushana mabaya, na kwa sehemu kubwa ukakitimiza. Utaratibu wa kura uliendelea hadi mwaka 322 KK, ulipokomeshwa na jeshi la Makedonia, si na ugomvi wa ndani. Kwa mji wa kale, miaka 80 bila vita vya wenyewe kwa wenyewe ni muda mrefu. Tukumbuke pia kwamba karibu maandishi yote tuliyo nayo kuhusu upumbavu wa umati yaliandikwa na watu ambao umati uliwanyima upekee.

Sasa tugeukie mlango wa pili, ambao sioni njia ya kuutetea. Mwaka 451 KK Pericles mwenyewe alipitisha sheria kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote wawili ni Waathene. Kabla ya hapo mtoto wa mama mgeni alihesabiwa kuwa raia. Baba wa demokrasia hiyo yenyewe, Cleisthenes, mama yake alitoka Sicyon, mji mwingine wa Kigiriki. Sheria hiyo ilirudi kumng'ata aliyeitunga. Pericles aliishi na Aspasia, mwanamke wa Miletus, akazaa naye mtoto wa kiume ambaye kwa sheria ya baba yake hakuwa raia. Tauni iliyoanza mwaka 430 KK ikawaua wanawe wawili wa ndoa, na mzee huyo aliyekuwa ameuongoza mji kwa miaka mingi ikambidi awaombe wananchi wamwonee huruma wamwandikishe mwana aliyebaki. Walikubali. Kijana akawa Pericles mdogo, raia, kisha jemadari, na alikuwa mmoja wa wale sita waliouawa baada ya Arginusae. Huruma ya umati ilimwingiza, na hasira ya umati ikamwondoa.

Yeye walau aliingia. Lysias hakuingia kamwe. Baba yake, Cephalus, alikuja kutoka Syracuse, na familia ikawa na karakana ya kutengeneza ngao. Thelathini walipotwaa madaraka walimuua kaka yake na kuwapora. Yeye alitoroka kwa kupenya nyuma ya nyumba, akawasaidia wanademokrasia waliokuwa uhamishoni kwa fedha na ngao. Demokrasia iliporejeshwa, kiongozi wake Thrasybulus alipendekeza wageni waliosaidia wapewe uraia, lakini uamuzi huo ukabatilishwa kwa hoja ya utaratibu, kwamba haukupitia kwanza katika baraza. Sheria ya mwaka 451 ikarudishwa. Lysias aliishi miaka yake iliyobaki akiwaandikia raia hotuba za kusoma mahakamani, kwa Kigiriki safi kiasi kwamba wanafunzi wa lugha hiyo hupewa maandishi yake hadi leo, naye mwenyewe hakuwa na kijibamba cha kuchomeka katika lile jiwe. Na huyo alikuwa mtu huru tena tajiri. Watumwa waliochimba fedha katika migodi ya Laurion, fedha iliyojenga merikebu zilizoilinda demokrasia, hawakuwa hata na mtu wa kupendekeza majina yao. Wanawake wa Kiathene walirithisha uraia bila kuutumia.

Kwa nini mji uliomwamini mfua vyuma kiasi hicho ulikuwa mgumu namna hii kwa jirani yake? Baadhi ya wachambuzi hulieleza jambo hili kwa kiburi cha damu, na kiburi kweli kilikuwapo: Waathene walijisimulia kwamba wazee wao walichipuka katika ardhi hiyohiyo. Lakini nadhani sababu kubwa zaidi ni thamani. Uraia wa Athens ulikuwa na faida za kushikika: ujira wa obol (sarafu ndogo) mbili, baadaye tatu, kwa siku ya kuketi mahakamani, haki ya kumiliki ardhi, mashamba yaliyonyang'anywa miji mingine, na juu ya yote neno lenye nguvu katika kila uamuzi wa vita na amani. Pericles aliyeanzisha ujira wa waamuzi ndiye aliyepunguza idadi ya wanaostahili, na sidhani kwamba mambo hayo mawili yalitoka katika vichwa viwili. Chungu kikiwa na nyama, wenye nyumba hutazama nani anakaribia jiko.

Roma ilishangaza ulimwengu wa Kigiriki kwa kufanya kinyume. Takriban mwaka 215 KK Philip V, mfalme wa Makedonia, aliwaandikia watu wa mji wa Larissa akiwahimiza waandikishe raia wapya, kwa kuwa vita vilikuwa vimeupunguza mji wao. Barua hiyo ilichongwa juu ya jiwe na imetufikia. Mfano anaowapa ni Waroma, ambao, anasema, wakiwaacha watumwa wao huru huwapokea katika uraia na kuwashirikisha madaraka, na kwa njia hiyo wameupanua mji wao na kupeleka walowezi mahali karibu 70. Alitia chumvi kidogo, kwa kuwa aliyeachwa huru mwenyewe hakushika madaraka makubwa. Watoto wake waliozaliwa huru ndio waliohesabiwa raia bila pingamizi hilo la kisheria. Hata hivyo msingi wa maneno yake ni wa kweli, nao unatisha ukiutazama vizuri: mfalme aliyekuwa akipigana na Roma alikwishatambua kwamba siri ya adui wake imo katika daftari la raia kuliko katika upanga.

Mji mdogo wa Arpinum unaonyesha jambo hili kwa karibu. Ulitekwa na Roma, ukapewa uraia nusu, usio na kura, kisha mwaka 188 KK ukapewa uraia kamili. Ndani ya miaka 100 hivi ukawa umeipa Roma Gaius Marius, aliyekuwa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa dola kwa mwaka, mara saba, na Cicero, konsuli wa mwaka 63 KK na mwandishi ambaye Kilatini chake kilikuwa kipimo cha wengine wote. Athens haikuwahi kupata mtu wa namna hiyo kutoka mji iliouteka, kwa kuwa waliotekwa nayo walibaki walipa ushuru. Mwaka 48 BK kaisari Claudius aliliambia baraza la seneti liwapokee viongozi wa Gaul (Ufaransa ya leo), ambao mababu zao walipigana na Kaisari Julius. Sehemu ya hotuba yake ingalipo juu ya bamba la shaba huko Lyon. Mwanahistoria Tacitus, akiiandika upya hotuba hiyo, anamwekea mdomoni swali hili: ni kitu gani kilichowaangamiza Wasparta na Waathene, pamoja na nguvu zao za vita, isipokuwa kwamba waliwatenga walioshindwa kuwa wageni? Sijui hukumu fupi na ya haki zaidi dhidi ya Athens iliyopata kutamkwa na mtawala.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaufahamu uraia huo kwa njia nyingine. Paulo, Myahudi wa Tarso, anafungwa kwa kamba tayari kuchapwa viboko huko Yerusalemu, anauliza kama ni halali kumpiga Mrumi asiyehukumiwa, na askari wanarudi nyuma kwa hofu. Jemadari anakiri kwamba yeye aliupata uraia kwa mali nyingi. Paulo anajibu kwamba yeye amezaliwa nao. Katika chumba kimoja, mbali sana na Italia, wamesimama Waroma wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliyetoka Roma. Jambo hilo lisingetokea chini ya sheria ya Pericles.

Lakini uraia huo uliwapa nini watu hao katika uongozi? Hapa ndipo sifa ya Roma inapoanza kupungua. Katika jamhuri makonsuli wawili walichaguliwa kila mwaka na mkutano uliogawanywa katika mafungu 193, na kilichohesabiwa ni kura za mafungu, si za vichwa. Katika mpangilio wa zamani wapanda farasi walikuwa na mafungu 18 na daraja la kwanza la mali 80, jumla 98, yaani zaidi ya nusu. Wasio na mali walijazwa wote katika fungu moja. Matajiri walipiga kura kwanza, na pindi walio wengi walipopatikana zoezi lilisimamishwa, hivyo maskini aliyeamka alfajiri angeweza kurudi nyumbani bila kuitwa. Baadaye mpangilio ulilegezwa kidogo, lakini roho yake ilibaki. Tena ilibidi mtu awepo Roma kimwili. Mkulima wa kusini mwa Italia alikuwa raia wa haki kamili ambaye huenda hakupiga kura hata mara moja maishani. Hata Waitalia walipolazimika kupigania uraia kwa silaha, kati ya mwaka 91 na 88 KK, na kuupata, wakuu wa Roma walijaribu kuwaandikisha katika makabila machache tu ya kupigia kura ili kura zao zisiwe na uzito. Mlango ulifunguliwa, kisha aliyeingia akawekwa ukumbini.

Kuchagua kwenyewe kulikuwa na bei. Katika Athens tajiri alilazimishwa kugharimia kwaya ya tamthilia au merikebu ya vita, akapata heshima, lakini heshima hiyo haikuweza kumnunulia kiti ambacho kinatolewa na jiwe lenye vitundu. Roma iliunganisha moja kwa moja fedha na cheo. Mwaka 65 KK Kaisari Julius, akiwa msimamizi wa mji na michezo, alileta uwanjani jozi 320 za wapiganaji wa upanga, kwa mkopo, na deni hilo lilikuwa gharama ya kampeni za mbele. Aliyekopa ili achaguliwe alitazamia kupelekwa jimboni kuwa gavana, na huko jimboni ndiko deni lilikolipwa na watu wasio na kura. Wasicilia walioporwa na gavana wao Verres, na ambao Cicero aliwatetea mwaka 70 KK, walikuwa mwisho wa mnyororo ulioanzia katika kiwanja cha uchaguzi. Nasema hili bila kusita kwa sababu huwa tunausoma uporaji wa magavana wa Kiroma kama tabia mbaya za watu fulani, ilhali ulikuwa umejengwa ndani ya njia yenyewe ya kupata uongozi.

Utamaduni uliuimarisha utaratibu huo. Polybius, Mgiriki aliyepelekwa Roma mwaka 167 KK kama mateka na kukaa huko miaka mingi, anaeleza mazishi ya mkubwa wa Kiroma. Nyumbani kwa familia kulitunzwa sura za nta za mababu waliowahi kushika vyeo. Siku ya mazishi watu wenye umbo linalofanana na la marehemu hao walizivaa, wakavaa na mavazi ya cheo cha kila mmoja, wakaketi kwenye viti vya pembe za ndovu katika uwanja wa mji huku mwana akihutubia. Polybius aliona humo shule ya uongozi: ni kijana gani, anauliza, asingechochewa na mandhari hayo? Ni kweli, na sioni sababu ya kubisha kwamba desturi hiyo ilizaa vizazi vya watu walioona aibu kushindwa na wazee wao. Ila kijana ambaye baba yake hakuwa na sura ya nta aliyaona mandhari hayohayo akiwa pembeni, naye alijifunza kwamba uongozi ni wa wengine. Cicero alilisema hilo kwa uchungu hata baada ya kuwa konsuli: jina walilompa lilikuwa "mtu mpya". Nikilinganisha sura hizo za nta na vile vijibamba vya shaba makaburini, naona falsafa mbili za cheo. Huku mtu anazikwa na uthibitisho kwamba alikuwa mmoja kati ya wengi. Kule anazikwa akisindikizwa na wafu walioitwa kushuhudia kwamba hakuwa kama wengi.

Kuna jambo la kuwatendea haki Waroma katika hili la utamaduni. Mji uliojidai hivyo kwa mababu ulikuwa tayari kujifunza kwa walioshindwa. Mwaka 155 KK Athens ilituma wanafalsafa watatu kuwa wajumbe Roma, na mmoja wao, Carneades, siku moja aliitetea haki kwa ufasaha, kesho yake akaipinga kwa ufasaha uleule. Vijana walimiminika kumsikiliza. Cato mzee, mwanasiasa wa Kiroma, akahimiza wajumbe wamaliziwe shughuli yao haraka warudi kwao. Cato alishindwa. Baada ya kizazi kimoja au viwili hakukuwa na kijana wa tabaka la juu aliyehesabiwa ameelimika bila ya Kigiriki, na aliyetoka katika somo hilo la kutetea pande zote mbili akiwa mwanafunzi bora kuliko wote alikuwa Cicero. Sioni Waathene wa karne ya 5 wakikubali kufundishwa namna hiyo na watu waliowateka.

Narudi kwenye swali la mwanzo. Nimejiridhisha kwamba milango ile iliunganishwa, lakini si kwa lazima. Athens ilifunga uraia kwa sababu uraia wake ulikuwa na nguvu. Roma iliugawa kwa ukarimu kwa kuwa haukumpa mpokeaji uwezo wa kuwasumbua wakubwa. Ushahidi wa upande wa Roma uko katika tarehe. Mwaka 14 BK, chini ya kaisari Tiberius, uchaguzi wa wakuu ulihamishwa kutoka kwa wananchi kwenda kwa seneti. Mwaka 212 BK kaisari Caracalla, ambaye baba yake Septimius Severus alizaliwa Leptis Magna katika Libya ya leo, akawapa uraia karibu watu wote huru wa dola. Mtoto wa Mwafrika anaugawa uraia wa Roma kwa ulimwengu: kwa upande wa kuwapokea watu sijui tendo kubwa zaidi katika zama hizo, na natamani Lysias angaliona. Lakini kura ilikuwa imekufa karne mbili kabla, na mahakamani mtu wa hali ya chini, raia au si raia, alikuwa anazoea kupigwa viboko ambavyo Paulo aliviepuka kwa neno moja.

Wanaosema kwamba isingewezekana kuunganisha mapana ya Roma na madaraka ya Athens hutaja umbali: Pnyx iliingiza watu 6,000, nao Waroma walitapakaa kutoka Uingereza hadi Syria. Hoja hiyo ingeniridhisha kama Lysias angekuwa anaishi Syria. Alikuwa anaishi mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Pnyx, akizungumza lugha yao kuwashinda, akiwa ametoa mali yake kwa ajili yao. Yeye hakuzuiwa na umbali. Nami kati ya makosa mawili haya nalipima la Athens kuwa zito zaidi kwa sababu hiyohiyo: mji uliokwisha kugundua kwamba mtu wa kawaida anaweza kushika funguo za hazina na muhuri wa dola ulikuwa na maarifa ambayo Roma haikuwa nayo, na bado ukasimama mlangoni kumhesabia mtu wazazi wake.

Katika maandishi ya mawe ya Athens ya karne ya 3 BK, orodha za vijana na za wakuu wa mji zimejaa jina Aurelius, jina la ukoo wa Caracalla ambalo raia wapya walilichukua. Waathene ni wao, na uraia wanaoutangaza kwa jina hilo ni wa Roma, ambao hakuna aliyewauliza mama zao walitoka wapi, na ambao haukuwapa neno lolote katika vita wala amani.